Jaribu Tena Baadaye

Katika nyumba yetu ya Litein, kaunti ya Kericho, sentensi inayosomwa kwa sauti kuliko zote si ya Biblia wala ya stakabadhi ya bonasi ya majani chai. Ni hii: "Kuna tatizo. Jaribu tena baadaye." Mimi huandika programu za kompyuta, kazi ambayo huku kwetu humaanisha fundi wa simu, fundi wa redio na shahidi wa kila shilingi iliyopotelea hewani. Sentensi hiyo ikimtokea mtu yeyote kati ya Kapkatet na Mogogosiek, simu huletwa kwangu, imeshikwa kwa vidole viwili, mbali na mwili wa mwenyewe.

"Baadaye ni saa ngapi?" shangazi yangu huuliza. Yeye ni mtu wa saa. Alfajiri hukamua, asubuhi huchuna chai, na "baadaye" haimo katika ratiba yake. "Na hilo tatizo, ni langu au ni lao?"

Jibu la swali hilo lilikuwapo, ila kuna mtu aliyelificha. Kila unapobonyeza kitufe, simu hutuma ombi kwa seva kwa utaratibu uitwao HTTP, na seva hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 2, mambo ni sawa. Ikianza na 4, aliyeomba ndiye aliyekosea: 401, hujajitambulisha, 404, ulichoomba hakipo, 429, umeomba mno, pumzika. Ikianza na 5, seva inakiri kosa ni lake: 500, nimeharibikiwa, 503, nimelemewa. Waliobuni utaratibu huu walikuwa waungwana, maana mwenye lawama hujulikana kwenye tarakimu ya kwanza. Kisha akaja mwandishi wa programu, akazikusanya namba zote, za 4 na za 5, akazifunika kwa sentensi moja, akaenda zake kula chakula cha mchana.

Heri huyo anayekiri kuna tatizo. Chama cha kina mama anakoweka akiba shangazi kiliuziwa programu na kampuni moja ambayo sitaitaja, yenye nembo nzuri sana. Jioni moja ya mvua ya mawe, mvua ambayo Kericho si habari, shangazi aliingiza mchango wake, akabonyeza, akaona alama ya kijani na maneno "Mchango umepokelewa. Asante!" Mwisho wa mwezi mweka hazina akasoma orodha, shangazi hayumo. Shangazi akatoa simu. Mweka hazina akatoa daftari. Kikao kikavunjika kabla ya chai, na huku kwetu kikao kikivunjika kabla ya chai, ujue ukoo mzima utaitwa.

Niliitwa mimi. Programu ilikuwa ya kufunguliwa kwenye kivinjari, kwa hiyo kuisoma haikuwa kazi. Imeandikwa kwa JavaScript, na katika lugha hiyo maombi hutumwa kwa amri iitwayo fetch, ambayo tabia yake imewatoa jasho wengi. Kwa fetch, kosa ni pale tu ombi linaposhindwa kwenda na kurudi: mtandao umekatika au anwani haipo. Seva ikijibu, hata ikijibu 500, fetch huridhika kwamba imejibiwa. Kama jibu ni asante au ni matanga, hayo hayaihusu. Mwandishi anatakiwa kuuliza mwenyewe kama response.ok ni kweli, yaani kama namba iko kati ya 200 na 299. Wa kampuni ile hakuuliza. Aliandika sehemu ya kunasa makosa, catch, akaiamini kabisa. Kosa halikupita huko hata siku moja, lilipita palipoandikwa "Asante!"

Usidhani ni JavaScript peke yake. Maktaba ya requests ya Python nayo hukukabidhi 500 kwa utulivu mpaka uite raise_for_status, na usipoiwekea muda wa kungoja, itangoja bila kikomo. Lugha ya Go vilevile haihesabu 404 kuwa kosa la kutuma ombi. Axios, maktaba ya JavaScript, ndiyo hulalamika yenyewe bila kuombwa. Nilimweleza shangazi haya yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo aliyeandika hakutazama kama imekubaliwa?"

"Hakutazama, shangazi."

"Huyo hawezi kuachiwa ng'ombe."

Kampuni ilirekebisha, kwa namna yake. Sasa simu ikaanza kusema, kwa Kiingereza, kwamba alama ya < imeonekana mahali isipotarajiwa katika JSON, nafasi ya 0. Shangazi akataka kujua nani ameiweka. Nikamwambia ni seva: ilipoanguka ilituma ukurasa wa HTML wa kuomba radhi, na ukurasa wa HTML huanza na alama hiyo, ilhali programu ilikuwa imejiandaa kusoma JSON tu.

"Yaani mwenzake aliomba radhi," shangazi akasema, "na huyu akaona radhi ndiyo kosa."

Mjomba wangu wa Konoin, upande wa Bomet, ana shida nyingine: hawezi kuvumilia kimya. Aliagiza mifuko 2 ya mbolea ya 26:5:5, ile ya chai, kutoka duka moja la pembejeo linalouza kwa simu. Shamba lake liko bondeni, na mtandao huko hupatikana ukisimama karibu na choo. Akabonyeza "Agiza". Kigurudumu kikazunguka. Akabonyeza tena. Kikazunguka. Akaendelea kubonyeza mpaka mvua ikamfukuza. Kesho yake akapigiwa simu: "Mzee, mifuko yako 14 iko tayari. Utakuja na lori?" Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Maombi yake yote yalikuwa yamefika; kilichopotea njiani ni majibu. Muda wa kungoja ukiisha, simu haiwezi kujua kama kilichopotea ni ombi au ni jibu. Ombi la kusoma habari, GET, waweza kulirudia upendavyo. Ombi la kuagiza au kulipa, POST, ukilirudia umeagiza tena. Dawa yake inajulikana: kila agizo lipewe namba yake ya pekee kabla halijatoka kwenye simu, ili seva ikiiona mara ya pili iseme "hili nimeshapokea". Programu nayo inaporudia yenyewe, ingoje sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, isimkabe koo aliyekwisha kulemewa. Mjomba anakubali kwamba dawa hii ni nzuri. Anauliza tu kama inarudisha pesa za mbolea.

Cha kushangaza, waandishi wa programu waliozaliwa huku tumekua tukiona kazi hii ya kueleza kosa ikifanywa vizuri. Nenda kituo chochote cha kununulia chai ya wakulima wadogo. Mama humwaga majani mezani, karani akatafuta majani mawili na chipukizi. Akiona yaliyokomaa husema, "Mama, haya ni magumu, yatoe kwanza ndipo upime." Hiyo ni 400: kosa ni lako, ni hili, na dawa ni hii. Lori likikwama kwenye matope husema, "Linafika saa kumi na mbili, msiondoke." Hiyo ni 503, tena pamoja na Retry-After, kichwa ambacho HTTP ilikiweka makusudi ili seva iseme ingojwe kwa muda gani, na ambacho programu nyingi hazina habari nacho. Majani yakishapimwa, risiti ya kilo hutoka. Karani atakayesimama mbele ya kina mama wenye vikapu mgongoni aseme "Kuna tatizo, jaribuni tena baadaye" bado hajazaliwa, na akizaliwa hatafika nyumbani.

Hata M-Pesa husema wazi. Kupitia Daraja, mfumo ambao programu hutumia kuomba malipo, hurudi 1 salio lisipotosha, 1032 mwenye simu akighairi, 1037 simu isipopatikana na 2001 namba ya siri ikikosewa. Kuna duka la mtandaoni huku kwetu lililozigeuza zote nne kuwa "Malipo yamegoma". Jirani yangu, ambaye alikuwa amekosea namba ya siri tu, alitoka akaenda kukopa pesa.

Namba inayotupa heshima sisi watu wa chai ni moja. Tarehe 1 Aprili 1998, Larry Masinter alichapisha RFC 2324, waraka wa mzaha kuhusu kuendesha vyombo vya kahawa kwa mtandao. Humo, birika la chai likiombwa kupika kahawa linaweza kujibu 418: mimi ni birika. Mwaka 2014, tena siku ya Wajinga, waraka mwingine, RFC 7168, ukaongeza utaratibu wa kupika chai yenyewe. Mwaka 2017 lilipotolewa pendekezo la kuiondoa 418 katika Node.js na Go, vijana walipiga kelele mpaka ikaachwa. Wengine walicheka. Kericho hatuoni mzaha wowote: birika lililoombwa kahawa likakataa ni birika lenye malezi. Tena tazama jibu lake: limesema ni nani anayejibu, na kwa nini hawezi. Birika la mzaha limeishinda kampuni yenye nembo nzuri.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa programu, kabla hujaandika "Kuna tatizo", jibu kwanza mambo matatu: kosa ni la nani, pesa imefika au haijafika, na nikibonyeza tena nitalipa mara mbili? Ukiyajibu, utakuwa umemaliza kazi. Ukishindwa, usiandike "baadaye", andika saa. Na kama saa huijui, weka hapo namba yako ya simu, kwa sababu hadi sasa wanapiga yangu.