Jinsi ya Kujenga Pikapu Ambayo Shangazi Atakubali Kuipanda

Kabla ya kutafuta gari, tafuta shangazi. Mchague yule ambaye harusi haianzi mpaka afike. Mketishe, mpime kuanzia kiti hadi ncha ya kilemba, kisha uandike kipimo hicho kwa chaki ukutani mwa gereji. Upana nao upime, kwa adabu, ukiwa umemletea soda. Kebini ikionekana fupi, paa usiliguse: shusha kiti. Fundi akate miguu ya kiti, aichomelee upya chini kidogo, na kikwembe cha sherehe kitafika kanisani bila kukunjamana.

Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu nimeona pikapu nyingi zikipambwa kwa ajili ya kutazamwa tu. Pikapu ya Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, ina kazi zinazojulikana katika kila lupango, yaani kila ua. Inabeba makala, yaani mkaa. Inabeba unga wa bukari, yaani ugali, uliovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Inabeba viti vya matanga, na siku hiyohiyo inambeba marehemu mwenyewe. Jumamosi inambeba bibi harusi. Ubunifu wako wote, hata ule wa kichaa kabisa, na uanzie hapo.

Sasa gari. Chukua Toyota Hilux ya miaka ya 1980 au ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye dizeli ya 2L ya lita 2.4 au 3L ya lita 2.8. Injini hizi hazina kompyuta ya kubembeleza; zinataka oili safi, maji na mtu anayejua kusikiliza. Utakutana na mzee atakayekusihi uchukue Peugeot 404. Msikilize kwa heshima, maana anasema kweli: gari lile la mwaka 1960 lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, na nchi ya Kenya iliendelea kuunda pikapu zake hadi 1991. Ukiipata 404 yenye bodi nzima na ukathubutu kuitia dizeli ya Toyota, nitakuja kukushikia taa. Ila jua kwamba utatengeneza mwenyewe vikalio vya injini, utakata na kuunga upya shafti ya nyuma, na mkeo ataanza kukuuliza jina lako.

Siku ya kununua, nenda na nyundo ndogo. Lala chini ya gari, hata kama umevaa shati la misa, ugonge chasisi nyuma ya kebini na mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti butu, na nyundo ikizama, inuka, jipanguse vumbi, mshukuru mwenye gari, nenda zako. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ni sababu ya kugonga mara mbili.

Halafu kuna usukani. Magari mengi yanatufikia kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam na barabara za Zambia, na nchi zote hizo huendesha kushoto. Sisi huendesha kulia. Kwa hiyo dereva wa Lubumbashi anayetaka kulipita lori kwenye njia ya Likasi, usukani wake ukiwa kulia, analazimika kumuuliza abiria kama mbele kuna usalama, na abiria huyo mara nyingi amelala. Kuhamisha usukani ndiyo kazi ya kwanza ya heshima kwenye pikapu yako. Ifanye kamili: kasha la usukani la upande wa kushoto kutoka Hilux iliyozaliwa hivyo, pedali zote, pampu kuu ya breki na kisaidizi chake, dashibodi, mikono ya waipa. Fundi akikuambia kwamba kasha la kulia linaweza kubaki, na mnyororo wa pikipiki ukapita chini ya dashibodi kuliunganisha na usukani, chukua ufunguo wako, muage vizuri, wala usigeuke nyuma.

Ukimaliza usukani, badilisha taa kubwa pia. Wengi husahau hapa. Taa za Japani, hata zikishushwa, huinua mwanga upande wa kushoto. Kwetu huko ndiko anakotokea mwenzako. Unaweza kuwa na gari zuri kuliko yote Katuba na bado kila dereva unayepishana naye usiku akakulaani hadi kizazi cha tatu.

Springi ndizo mahali ambapo kila kijana anataka kuonyesha ubabe. Anaongeza majani mawili, matatu, manne, mpaka sehemu ya nyuma inainuka na gari tupu linaruka kwenye kila shimo. Ongeza, sikukatazi, makala ni mazito na magunia hupangwa hadi kuipita kebini. Lakini kwenye Hilux nyingi kuna valvu ndogo ya breki karibu na ekseli ya nyuma, yenye kifimbo kinachopima jinsi bodi ilivyoshuka. Bodi ikishuka, valvu inajua kuna mzigo, inayapa magurudumu ya nyuma nguvu zaidi ya breki. Ukiinua bodi kwa majani mapya, valvu inaamini gari ni tupu hata ukiwa umepakia msitu mzima. Unakanyaga, magurudumu ya mbele yanafanya kazi peke yake, na makala yanaendelea na safari. Dawa yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara: kibano cha kifimbo kisogezwe juu kwa kadiri ileile uliyoinua bodi, kisha breki zijaribiwe na mzigo, mahali pasipo na watoto. Fundi asiyeijua valvu hii asikuguse springi. Ningependa jambo hili lihubiriwe kanisani.

Kitanda cha nyuma king'oe. Weka jukwaa la bati la madoa lenye kuta tatu za kushuka, ili magunia yapakiwe kutoka upande wowote, na mashimo ya kuchomeka nguzo za turubai. Nafasi ya ndani ipimwe kwa jeneza, urefu na upana, bila kuona haya. Siku itafika, na familia isiyolazimika kumshikilia mpendwa wao akining'inia nje itakuombea dua.

Sasa furaha. Unakaa Katanga, kwa hiyo tumia shaba! Mafundi wetu wa kufua shaba hugonga bati lake mpaka litoe sura za watu, mitumbwi na tembo, kisha mabati hayo yanauzwa kutundikwa sebuleni. Mwombe mmoja wao akufulie mlango mzima wa nyuma. Umbo liwe msalaba wa shaba, ule ambao wahenga wa nchi hii walikuwa wakiuyeyusha na kuutumia kama fedha karne nyingi kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaanzishwa mwaka 1906. Usilipigilie bati hilo moja kwa moja juu ya chuma. Shaba na chuma vikigusana, kisha mvua ya Desemba ikaingia katikati, chuma ndicho kinacholiwa, na mwaka wa pili utabaki na msalaba mzuri usio na mlango. Paka chuma rangi ya kuzuia kutu, tandika mpira wa tyubu kuukuu, na kila riveti ivalishwe kishikizo cha mpira. Kwa kung'arisha, ndimu na chumvi, halafu suuza upesi.

Kichwa cha gia kiwe malakiti. Jiwe hilo la kijani ni laini, kwa hiyo linachongeka vizuri kwa umbo la yai, lakini vumbi lake lina sumu: likatwe likiwa limelowa, na mkataji afunike pua na mdomo. Katikati toboa, gundisha nati. Baada ya miezi michache jasho la kiganja litakuwa limelipa mng'ao ambao hakuna duka litakuuzia.

Milangoni usibandike stika. Mwaka 1946, mji huu ukiitwa Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyokuja kujulikana kama Le Hangar. Humo Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari midogomidogo, na Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole. Huo ni urithi wako, ndugu yangu, na mlango wa Hilux ni ukuta wa kutosha. Mtafute mchoraji wa vibao vya saluni, mwambie akuwekee samaki wa mto Luapula kwenye mlango wa kulia na ndege kwenye wa kushoto, umlipe vizuri, umwache atie sahihi yake.

Rangi ya bodi iwe nyeupe na nyeusi, nisingependa hata tujadili. Ndizo rangi za klabu yetu ya mpira ya mwaka 1939, iliyowahi kuitwa Tout Puissant Englebert, na Englebert ilikuwa chapa ya matairi ya Ubelgiji. Kwa jina hilo la tairi ilibeba ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kabla ya kuwa TP Mazembe. Sijui klabu nyingine kubwa ambayo jina lake lingestahili kuandikwa kwenye gurudumu la akiba. Kuhusu matairi yenyewe, ukiweka yaliyo makubwa kwa sehemu moja ya kumi, kipima mwendo kitakuambia 60 wakati unakwenda 66. Liandike hilo kwenye dashibodi.

Honi iwe moja, taa za ziada ziwe mbili, kila moja na fyuzi na rilei yake. Bomba la kuvutia hewa lipandishwe hadi usawa wa paa, kwa sababu vumbi letu jekundu la Agosti linasaga pistoni, na kila kiungo cha bomba kifungwe kwa kibano.

Sasa mrudie shangazi. Apande, akae, afunge mlango mwenyewe. Kilemba kikigusa dari, rudi kwenye kiti. Asiposema kitu mpaka mfike sokoni Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, kazi imekubalika, na yeye ndiye atakayewatangazia majirani bei zako za kukodi. Ukitimiza kilomita 100, lala tena chini ya gari ukaze upya nati za yubolti za springi, maana majani mapya yakishakalia vizuri, nati hulegea.