Nyumba Ninayo, Mjomba, na Choo Chake Natembea Nacho

Hillsboro, North Dakota
Oktoba, usiku

Mjomba,

Salamu kwako na kwa mkaza mjomba, kwa watoto, na kwa wazee wote wa barazani watakaosomewa barua hii, maana haijapata kufika barua Ramisi ikasomwa na mwenyewe peke yake. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila masikio siyahisi tena kwa baridi.

Nimepata habari kwamba nimenunua nyumba Marekani. Nasikia ilipotoka Ramisi ilikuwa nyumba tu, ilipofika Msambweni ikawa ya orofa, na Ukunda ikaongezewa kidimbwi cha kuogelea na askari wa getini. Basi niisahihishe kabla haijavuka feri ya Likoni. Nyumba ipo. Ina kitanda, jiko, friji, meza ya kukunja na choo cha ndani. Ina pia magurudumu manne na nambari ya usajili, na huvutwa na gari. Ni karavani, tena ya mkono wa tatu. Aliyeiona picha niliyotuma akasema mpwa wako ametajirika hakuona kilichomo chini ya sakafu.

Chini ya sakafu kuna matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili hupokea maji ya sinki na ya kuogea, nayo huitwa maji ya kijivu. La tatu ni tangi jeusi, na hapo, niwie radhi, ndipo yanapoishia yote ya chooni. Matangi meusi mengi huchukua kati ya lita 75 na 150. Kwa hiyo mpwa wako anapolala, mzigo wake wa wiki nzima umelala naye chumba kimoja, ubao tu ndio unaowatenga.

Kwetu choo ni jambo la kuagana. Unachimba shimo, unamwagia jivu mara mojamoja, na likijaa unachimba jingine, lile la zamani unalipandia mgomba. Huku hakuna kuagana. Mtu huenda na mzigo wake barabarani kwa mwendo wa kilomita mia kwa saa, na jioni huvaa glavu akaumwaga kwa mikono yake mwenyewe, awe mwalimu, awe meneja wa benki. Kwa mila zetu za zamani mpwa ndiye aliyemrithi mjomba, na mimi nilikuwa nangojea minazi. Ukinitangulia, niachie minazi. Nikikutangulia mimi, utaletewa tangi.

Mtauliza nilifikaje huku. Ni sukari ileile, Mjomba. Wewe uliyesimama kwenye boila ya Ramisi mpaka kiwanda cha sukari kikafungwa 1988 ungeyaona haya ungecheka. Hakuna muwa hata mmoja. Sukari yao huchimbwa ardhini, ndani ya bitiruti nyeupe, nene, zenye sura mbaya, na zaidi ya nusu ya sukari inayozalishwa Marekani hutoka humo. Katika bonde hili la mto Red, mpakani mwa North Dakota na Minnesota, kampuni kubwa ni American Crystal Sugar, na wenyewe ni wakulima. Waliinunua 1973. Hapo anayesoma asome mara ya pili, polepole, ili wazee walisikie vizuri: wakulima waliinunua kampuni.

Mavuno makubwa huanza mwanzoni mwa Oktoba, usiku na mchana, zamu za saa 12. Joto likizidi kazi husimama, kwa sababu bitiruti zikirundikwa na joto lake huoza. Mvua ikinyesha kazi husimama, malori hunasa. Baridi ikiwa kali mno husimama pia. Inatakiwa baridi ya kiasi, na mwenye kuipima ni Mungu. Bitiruti hurundikwa nje, milima na milima, zikagandishwa na majira ya baridi, na kiwanda huzila polepole miezi mingi. Nchi yote ni friji.

Wafanyakazi wa msimu ndio kichekesho. Nilidhani nitakutana na vijana. Nimekutana na wazee wa miaka 65 na 70 waliouza nyumba zao, au nyumba zikawauza wao, wakahamia kwenye karavani na kufuata kazi: bitiruti huku Oktoba, kisha jangwani Arizona kukimbia baridi. Jessica Bruder aliandika kitabu juu yao, Nomadland, kilichotoka 2017, na filamu yake ikashinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Kazi hii ya bitiruti imo kitabuni. Habari ya tangi jeusi haikupewa nafasi inayostahili, kwa maoni yangu, kwa sababu nakuhakikishia wazee hawa hawazungumzi kitu kingine.

Sisi Kwale tunasemwa kwa uganga, lakini sijaona waganga wengi namna hii mahali pamoja. Kila karavani ina mganga wake, na kila mganga ana dawa aliyoitoa jikoni au kwenye kabati la kufulia. Duka linauza dawa halisi za matangi, ila ni ghali, na nyingine zilikuwa na fomalini, ileile ya kuhifadhia maiti. California ilipiga marufuku kuuza dawa za choo zenye kemikali za namna hiyo, kwa sababu zinaua bakteria wa mashimo ya maji taka ya kambi. Basi watu wamerudi jikoni. Huyu anatia sabuni ya vyombo. Yule anachanganya sabuni ya kufulia na unga wa kulainisha maji, na anaeleza kwa utulivu wa imamu kwamba maji magumu, yale ya chumvichumvi, ndiyo yanayofanya uchafu ushike kuta, ukiyalainisha hauna pa kujishikiza. Hoja yake naikubali. Mwingine anatia hamira, mkate sijui utaumuka wapi. Yupo bibi anayemiminia bakuli la choo kijiko cha mafuta ya kupikia ili mpira wa kuzibia usikauke. Nilitaka kumpa mafuta ya nazi niliyokuja nayo, yote yameganda chupani, siwezi kuyatoa hata kwa kisu.

Na karatasi. Karatasi za chooni huku zina mitihani. Unachukua kipande, unakitia kwenye chupa ya jemu yenye maji, unatikisa. Ikitawanyika imefaulu, ikibaki nzima imeanguka. Nimeingia kwa watu kuazima bisibisi nikakuta chupa zimepangwa dirishani, kila moja na jina la duka, na wazee wawili wamevaa miwani wanazitazama. Nikaitwa nitoe maoni. Nikasema ile ya kushoto.

Sasa jirani yangu. Ni mstaafu kutoka Montana, mtu mwema, mrefu, mwenye kofia. Kambi yetu ina bomba la maji taka kwa kila karavani, ukifika unaunganisha mpira wa inchi tatu. Yeye akaona kwa kuwa ameunganishwa, koki ya tangi jeusi iache wazi, yote yawe yanajiendea. Yaliyojiendea ni maji. Maji yalikwenda yote, mazito yakabaki chini ya tundu, siku juu ya siku, yakakauka, yakapanda. Wenye uzoefu hulijua jambo hili na wamelipa jina la piramidi. Kanuni ni kufunga koki, kutia maji mengi, kungoja tangi lifike kama theluthi mbili, ndipo ufungue liende kwa kishindo, halafu ufungulie la maji ya kijivu lioshe mpira. Jirani yangu alikuwa na Misri nzima mle ndani, na taa ya tangi ikawa inasema limejaa hata akilimwaga.

Waganga wakaitwa. Wa kwanza akaleta gunia la barafu. Ati utie barafu, uendeshe gari, vipande vikwangue tangi. Nikauliza taratibu, kwa adabu ya mgeni: barafu si huelea? Itakwanguaje chini nayo iko juu? Kimya. Barafu ikatiwa hivyohivyo.

Wa pili akaleta siki na magadi ya kuokea. Hiyo ilikuwa tamasha. Povu lilipanda kwenye bakuli la choo likivuma, watu wakapiga makofi. Kati yetu yupo mwalimu mstaafu wa kemia kutoka Arizona, mama mkali, akasema povu hilo ni siki na magadi vikiuana, kilichobaki ni maji ya chumvi. Siki peke yake ina kazi yake, hula ukoko mweupe wa maji magumu uliogandia vijiti vya kupimia ujazo wa tangi, na asidi ya ndimu hufanya hivyohivyo. Mnaokosha sufuria kwa ndimu hapo nyumbani mko mbele. Lakini Misri haivunjwi kwa ndimu.

Wa tatu akatokea na chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, Jik yetu ile, lita nne. Mama wa kemia akasimama mlangoni akanyoosha mikono. Akasema ukiimwaga hiyo juu ya mkojo wa siku nyingi unapata gesi ya sumu, ukiikutanisha na siki yoyote iliyosalia unapata gesi nyingine mbaya zaidi, na ukiponea zote mbili itakula mipira ya koki na kuua bakteria waliokuwa wakikusaidia. Mke wa jirani alikuwa amekwisha kutoka nje na mto wake mkononi. Kuchamba kwingi, Mjomba, malizia mwenyewe, barua hii inasomwa mbele za watu.

Mwisho mama yule akatoa amri: funga koki, jaza maji pomoni, tia sabuni ya vyombo na unga wa kulainisha, kisha ondokeni mwende kazini. Misri ililowekwa siku kadhaa. Jumamosi mvua ikasimamisha bitiruti, kambi nzima ikakusanyika na vikombe vya kahawa. Jirani akavuta koki. Pale mpira unapoungana na karavani huwekwa kiwiko cha plastiki kinachopenyeza mwanga, ili uone yanayopita, na mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Kwanza ukapita mkondo mwembamba, hafifu. Ukasimama. Tukatazamana. Kisha ndani kikasikika kitu kikivunjika na kuanguka, mpira ukaruka, kiwiko kikawa cheusi chote, na yule mtu mzima wa Montana akavua kofia yake.

Ndipo wakataka kulinganisha. Wakaja kwangu, wakanivutia koki yangu mimi. Maji yakapita kwa kasi, dakika moja kiwiko kikawa cheupe, unaona nyasi upande wa pili. Mama wa kemia akainama akatazama tena. Wakaniuliza natia nini. Nikasema sitii kitu. Hawakuamini. Wakadhani nina dawa ya kwetu nimeficha, na mmoja akataja mizizi.

Basi nikaingia ndani nikawatolea kopo. Lile la plastiki la buluu, lenye mkono, nililonunua Ukunda. Nikawaeleza, kwa maneno ya heshima kadiri Kiingereza changu kilivyoniruhusu, kwamba sisi hatutumii karatasi, tunatumia maji, kila mara, kopo zima na pengine la pili. Wao wanaambiwa watie maji mengi wanayabania, kwa kuogopa tangi kujaa, halafu wanatupia karatasi juu yake na kwenda kununua dawa. Mimi tangi langu hujaa upesi na hulimwaga mara nyingi zaidi, ndiyo gharama yake, lakini hakuna kinachopata muda wa kukaa.

Kulikuwa na ukimya. Mke wa jirani akauliza, kwa sauti ndogo, kama maji yanakuwa baridi. Nikamwambia Ramisi siyo, hapa mnapasha. Mzee mmoja kutoka Uvira, Mkongo anayefanya kazi zamu yangu, akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia kwa Kiswahili chao kwamba hiyo akili kwao iko tangu zamani, ni mimi nimechelewa kuwafunza hawa watu.

Habari nyingine ni chache. Wiki ijayo baridi itashuka zaidi, mipira ya maji itaganda, na itabidi tutie yale maji ya rangi ya waridi yasiyoganda kwenye matangi kabla ya kuondoka. Pesa za fundi wa choo cha nyuma nitatuma kwa M-Pesa nikilipwa. Mwambie achimbe mbali na kisima, asikusikilize wewe na uvivu wa kutembea.

Na jambo la haraka. Jirani ameniuliza kopo linauzwa bei gani. Nikasema dola 5. Akatoa 10, akataka mawili. Mama wa kemia anataka moja, na wazee wa chupa za jemu wamejiandikisha. Tafadhali mtume kijana Ukunda anunue makopo dazeni mbili, ya buluu, yenye mkono, akague yasiwe na ufa, na asimwambie muuzaji yanakwenda wapi.

Mpwa wako