Bawabu Asemaye Tak

Watu husifu injini kwa sababu inanguruma. Wengine husifu visu, kwa kuwa kazi yao inaonekana. Mimi naisifu solenoidi ya stata: kikopo cha chuma kisichozidi limau, kilichojificha chini ya kiti cha trekta dogo la kukatia nyasi, mahali panapotembelewa na panya tu.

Hapa Ohio, mwezi Mei, nyasi hazina subira. Ziache majuma mawili, jirani ataanza kukutazama kama mtu aliyeanika nguo za ndani barazani.

Cheo cha kikopo hiki kinazidi umbo lake. Waya mwembamba wa ufunguo hubeba ampea chache tu, ilhali stata hudai makumi, na mwanzoni huweza kupita mia. Mafuriko hayo yangepita kwenye swichi ya ufunguo, yangeiunguza. Basi salamu ndogo humfikia bawabu wetu, koili yake ya shaba ikageuka sumaku, ikavuta kijiti cha chuma, na kisahani kikaunganisha vichwa viwili vinene. Mlango wazi, bwana mkubwa apite.

Siku akichoka ndipo hekima yake hudhihirika. Unageuza ufunguo: tak! Neno moja, hotuba imekwisha. Wanaojua lahaja yake husema tak moja mara nyingi ni vichwa vya ndani vilivyoungua. Tak-tak-tak za mfululizo, betri ina njaa. Kimya kabisa, kaulize fyuzi, kisha swichi za kiti, breki na visu. Mimi sikuijua lahaja hiyo, nikanunua betri mpya. Bila yeye nisingekuwa na betri mpya leo.

Nilipoazima mita, betri ilisoma volti 12.6. Nikagusisha ncha kwenye vichwa vile viwili vinene, mke wangu akageuza ufunguo. Tak! Zile volti 12 na ushei hazikutikisika, wakati mlango uliofunguka ungeonyesha karibu sifuri. Bawabu alikuwa anapiga saluti bila kufungua.

Wapo mashujaa wanaounganisha vichwa hivyo kwa bisibisi. Cheche huruka, swichi za usalama zinazomzuia stata hupitwa kando, na trekta lililosahauliwa kwenye gia huanza kumfuata fundi wake. Kwa hiyo solenoidi hutupatia hata mazoezi ya mbio.

Nilimstaafisha kwa adabu: nikafungua kwanza waya hasi wa betri, nikapiga picha kila waya ulipo, kisha nikalegeza nati. Mrithi wake, dola 18, hakusema hata tak. Nilimtukana nusu saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba aina hii ya vichwa vitatu hupata hasi kupitia kiwiliwili chake, nami nilikuwa nimemkalisha juu ya kutu. Nikasugua bodi kwa msasa hadi chuma king'ae. Akaona amepewa kiti chake, akafungua mlango.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakunywa chai nikasikia, ng'ambo ya ua: tak! Kimya. Tak! Kisha jirani yuleyule akamwita mkewe, akasema anakwenda kununua betri. Nilimaliza kikombe kwanza, nikajimiminia cha pili, ndipo nikachukua mita na kwenda.