Mtungi Mmoja Ukiisha, Wote Juu

Mke wangu ana cheti cha kuzamia hadi mita 30. Mimi changu kinaishia mita 18. Hizo mita 12 zilizobaki katikati ndizo zinazoleta kelele nyumbani kwetu Mtongwe, maana kila likizo ikikaribia yeye huchagua pa kupiga mbizi, kisha huniambia amenichagulia mimi.

"Waogopa nini, Baba Zuhura, nawe ni mtoto wa Likoni?"

Basi hilo nalo. Watu hudhani mtoto wa Likoni huzaliwa na mapezi miguuni. Bahari mimi nimeijua kwa juu, nimesimama ndani ya feri, gunia la nazi la mtu nisiyemjua likinikalia kwenye kidole gumba. Kuzama nimefundishwa ukubwani, na aliyenisukuma darasani ni huyu huyu.

Safari hii amekuja na MV Dania. Hiyo ni meli iliyokuwa ikibeba mifugo, ikazamishwa makusudi mwaka 2002 mbele ya ufuo wa Bamburi ili samaki wapate makao. Sina ugomvi na samaki wala na makao yao. Ugomvi wangu ni kwamba meli yenyewe imekaa kwenye kina cha kiasi cha mita 30. Halafu mtu wa kupanda feri kila asubuhi, kubanwa ubavu kwa ubavu mpaka ng'ambo, umtoze pesa akatazame meli ya ng'ombe?

"Tutakaa juu juu tu," asema. "Hatufiki chini."

Namjua mama huyu. Kumwambia azunguke juu ya meli asishuke ni kumkalisha aliyefunga mbele ya viazi karai saa kumi na moja jioni, umwambie anuse. Akiona tundu lolote ubavuni mwa meli ataingia, nami nitabaki nje nimeshika pua, napambana na masikio yanayokataa kuzibuka.

Na tuiache hofu, tuje kwenye hesabu. Kila mita 10 unazoshuka, maji hukuongezea shinikizo sawa na lile la hewa tuliyoizoea huku nchi kavu. Ukifika mita 10 umebanwa mara mbili, ukifika mita 30 ni mara nne. Kwa hivyo pumzi moja ya kule chini hula hewa ya pumzi nne za hapa barazani. Yeye huvuta kidogo kidogo, kwa adabu, utadhani hewa ni ya mkopo. Mimi nikiingiwa na wasiwasi nagugumia. Mtungi wangu utakuwa unalia njaa, wake haujafika nusu. Na waliozama wawili hutoka wawili. Hakuna cha "tangulia, nakuja."

Hili ndilo nisiloweza kumfahamisha. Yeye aona kwamba kwenda mahali pa maji mafupi ni kunifanyia hisani, kwamba ajinyima kwa ajili yangu na mimi niwe na shukrani. Hisani gani? Geji yangu ndiyo itakayoamua twakaa chini muda gani, apende asipende. Dania ataiona dakika chache, kisha atanifuata juu amenuna. Kununa ndani ya maji pia kwawezekana. Nimekuona kupitia kioo cha miwani.

Na Dania ni afadhali. Kabla yake ilikuwa Pemba. Pemba, jamani! Mwamba unashuka wima kwenda kwenye giza la mamia ya mita, na mkondo wa kukupeleka kwa watu usiowajua. Nasaha aliyonipa ni nisitazame chini. Pemba ikapita, akaja na Diani, lakini mwezi Mei, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka. Bei haishuki bure pwani hii. Mwezi Mei kusi limeshaanza, mvua za masika zimeshamwaga tope la mito baharini, na mawimbi yanakurusha mashuani mpaka mahamri na mbaazi ulivyokula alfajiri waje wale samaki. Ukizama hapo huoni hata mkono wako, sembuse mke.

Nikamwambia ninachotaka, na si kikubwa. Nataka kaskazi, mwezi Februari hivi, maji yametulia na kung'aa. Nataka siku za maji mafu, si bamvua. Nataka mahali penye mchanga chini, nikipiga magoti nisivunje tumbawe la serikali. Mita 10, 12 zikizidi. Nikataja Kisite, kule mbele ya Shimoni: bustani ya bahari iliyolindwa tangu miaka ya 1970, matumbawe yanaanza karibu na uso wa maji, na pomboo huenda wakaja wenyewe bila kufuatwa gizani. Tena mtu wa Likoni apanda matatu kwenda kusini moja kwa moja, hakuna feri wala kuivuka Mombasa nzima kwenda Bamburi nikafika nimechoka. Uchovu nao hula hewa.

"Kisite ni kwa watalii wa kuelea juu," akasema.

Bahati shemeji yangu alikuwapo, nduguye mkubwa, mvuvi wa miaka mingi. Akaniunga mkono. Akasema mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yote hayo hupita kwenye milango ya mwamba kwa nguvu. Mgeni hapelekwi mlangoni siku za bamvua. Mke wangu akamjibu kwamba mashua yake haijui chini ya maji kuna nini.

"Alhamdulillahi," akasema shemeji, "na isijue."

Nikaona nafasi, nikatoa shauri. Yeye aende Dania siku ya kwanza na wenzake wa cheti kimoja, wakaingie matundu yote wanayoyataka, mimi nibaki na Zuhura tukila mabuyu. Kiu yake ikishakatika, siku ya pili aje Kisite, akae nami kwenye mita zangu 10 bila kutazama saa na bila kunionyesha kwa kidole kule kwenye kina. Twende mwendo wangu, tutoke hewa yangu ikisema tutoke.

Akanyamaza kidogo. Akasema ni shauri zuri sana, na kwa kuwa nimelitoa mimi, mashua ya Bamburi na mtungi wake nitalipa mimi.