Sifa za Mteja Asiyeaga

Kila msimamizi wa seva ya barua pepe anamjua mteja huyu, na hakuna anayempenda. Anapiga hodi, anajitambulisha, anataja mtumaji na mpokeaji, anaanza kumwaga barua yake, kisha anakata. Amri ya QUIT, ambayo ndiyo kuaga kwenyewe, haitumi. Seva ya Postfix inaandika kwenye rekodi zake kwamba muunganisho umepotea baada ya DATA, yaani amri ya kuanza kumwaga barua, na msimamizi anasonya. Msonyo huo ni utovu wa shukrani. Ikiwa barua pepe inaaminika leo, asiyeaga anatudai, maana programu huria kama Postfix, Exim na Dovecot zimefuata kanuni zilizotungwa kwa kumtilia shaka yeye.

Wavuti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 haukumfikiria. Seva ilituma ukurasa, ikafunga muunganisho, na kufunga huko ndiko kulikokuwa alama ya mwisho. Aliyepata nusu ya ukurasa hakuwa na njia ya kujua kwamba ni nusu. Barua pepe ilimfikiria: SMTP, itifaki ya kutuma barua, tangu waraka wake wa kanuni RFC 821 wa 1982, ilitaka barua imalizike kwa nukta iliyokaa peke yake kwenye mstari. Nukta isipofika, hakuna barua. RFC 5321 ya 2008 ikakaza: muunganisho ukikatika, seva ifute shughuli iliyokuwa njiani, isiguse iliyokwisha kamilika. POP3, itifaki ya kupakua barua, imemheshimu zaidi. Kwa mujibu wa RFC 1939, barua zilizotiwa alama ya kufutwa hazifutwi mpaka mteja aage. Simu ikizima katikati ya kupakua, barua zote ziko palepale. Yaani anayefuta ni mwenye adabu. Huyu wetu hafuti hata moja.

Mtasema analeta nakala mbilimbili. Craig Partridge alilieleza tatizo hilo mwaka 1988: nukta imefika, seva inachelewa kujibu, mteja anachoka, anakata, kisha anarudi kutuma upya, na mpokeaji anapata barua ileile mara mbili. Lakini mkosaji hapo ni seva iliyoanza kuhangaika na kazi nyingine kabla ya kujibu. Postfix ya Wietse Venema huiweka barua kwenye foleni ya diski, hujibu 250, yaani imekubaliwa, na safari ya kuipeleka huja baadaye. Mtasema pia anakalia nafasi. Huyo ni nduguye, yule anayenyamaza bila kukata. Kwa mipangilio ya kawaida Postfix huendesha michakato 100 ya kupokea na humngoja aliyenyamaza sekunde 300. Ikielemewa, subira hushuka hadi sekunde 10. Anayekata hurudisha nafasi papo hapo, fadhila ambayo wapole wengi hawana.

Limebaki lililo zito: wengi wa wasioaga ni roboti za barua taka. Sawa, na hapo ndipo utovu wao wa adabu unapofaa kuliko kitambulisho. Tangu toleo 2.8 la mwaka 2011, Postfix ina bawabu aitwaye postscreen, anayechelewesha salamu kwa sekunde sita. Seva halali husubiri. Roboti, yenye haraka ya kuwafikia wengine, ama huropoka kabla ya zamu yake, ama hukata, na postscreen huandika HANGUP pamoja na muda iliovumilia. Hakuna kichujio kilicholazimika kusoma barua, wala mchakato wa kupokea uliosumbuliwa. Mshukiwa amejiondoa mwenyewe, tena kwa gharama zake.