Cheti cha Kuzima na Kuwasha

Hongera, kijana, umepata cheti cha A+ cha CompTIA, cha mafundi wa kompyuta. Mitihani miwili, kila mmoja dakika 90 na maswali yasiyozidi 90. Wa kwanza ulitaka alama 675, wa pili 700, kwenye kipimo kinachoishia 900. Hatua saba za printa ya leza unazo kichwani, na poti 3389 unaitaja hata ukiamshwa usiku wa manane.

Basi karibu kazini. Mama wa uhasibu anakuita mbio: printa "imekataa". Haina karatasi. Ghorofa ya juu kompyuta ya bosi "imekufa". Kumbe mtu kachomoa waya wa kompyuta hiyo ili achaji simu. Kitabu kilikufundisha uanze kwa kumuuliza mtumiaji amebadilisha nini. Haya, muulize bosi! "Mimi sijagusa kitu." Nawe, pamoja na cheti chako, utajibu, "Sawa mzee, itakuwa ni mtandao."

Cheti chenyewe usipokihuisha kinakwisha baada ya miaka mitatu. Kabla ya hapo utakuwa umeshaitwa kutengeneza feni ya idara ya utumishi, maana nayo, wanasema, si inatumia umeme?