Tembo wa Mbali

Majirani wetu wa mtaa wa Golf wamerudi kutoka Thailand na Sri Lanka: fukwe, mahekalu, tembo. Papa wa nyumba hiyo katuonyesha tembo mmoja kwenye simu, na pembeni Mama kavaa kofia ya majani, mashavu yamebonyea kwa kukosa bukari, ugali wa kwetu. Tukashangaa kama adabu inavyotaka. Kisha kijana mmoja akauliza kama wamewaona pundamilia wa Upemba, mbuga ya tangu 1939, humu humu Katanga, au maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, mita 340 hivi. Papa akamhurumia: “Na barabara ile, mwanangu?” Kwenda Bangkok unabadili ndege Addis Ababa, unafika viatu vinang’aa. Lofoi ataiona siku Wazungu watakapoanza kuisifu.